Daftari la Mvua

Marehemu baba yangu alikuwa mtumishi katika shamba moja la kahawa huko Kibosho, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, na miongoni mwa kazi alizokabidhiwa, ambazo hazikumwongezea hata senti moja katika mshahara wake, ilikuwamo kazi ya kusoma kipimamvua. Kila siku ilipotimu saa tatu asubuhi, awe mzima au mgonjwa, iwe Jumapili au siku ya matanga, alikwenda kwenye kile chombo cha shaba kilichosimikwa uwanjani mbali na vivuli vya miti, akayamimina maji ya usiku katika bilauri nyembamba yenye alama, akainama hata jicho lake likawa sawa na uso wa maji, kisha akaandika hesabu katika daftari lenye jalada gumu. Mwanzoni kwa inchi, na miaka ya baadaye kwa milimita. Nilipokuwa mtoto nilifuatana naye, na siku moja ya kiangazi, baada ya majuma mengi bila tone, nilimwuliza kwa nini anajisumbua kuandika sifuri kila uchao, ilhali angeweza kupaacha mahali pale patupu na kila mtu angefahamu. Akanijibu, "Mwanangu, patupu maana yake hakuna aliyetazama. Sifuri maana yake nimetazama, na mvua haikuwapo. Usije ukayachanganya mambo hayo mawili."

Nilikuwa na umri wa miaka minane, na maneno yale niliyasikia kama mtoto asikiavyo maneno ya wakubwa. Ilinibidi nivuke bahari, nisome elimu ambayo baba hakuwahi kuiota, na niwatie hasara watu walionilea, ndipo nikaujua uzito wake.

Mwaka ambao baba alipenda kuufungua mbele ya wageni ulikuwa 1961. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba ya mwaka huo, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na kuuwasha mwenge juu ya kilele cha Kibo. Na chini ya kilele hicho, katika vihamba vyetu vya migomba na kahawa, vuli ya mwaka ule, ambayo kwa desturi ni mvua haba ya kati ya Oktoba na Desemba, ilikuwa imenyesha kana kwamba masika ya miaka miwili yameitwa pamoja. Mito ilifurika, kingo za mifongo zikabomoka mahali pengi, na wazee walioichimba na kuitengeneza mifereji hiyo tangu ujana wao walishinda juma baada ya juma wakiziba matundu kwa udongo na magome ya migomba. Huko mbali Ziwa Viktoria lilianza kupanda, na kufikia mwaka 1964 maji yake yalikuwa yameinuka kwa zaidi ya mita 2. Wako waliosema kwamba mbingu zinaubariki uhuru. Baba hakusema neno. Aliandika hesabu yake, siku baada ya siku, kwa wino uliovuja pembeni kwa unyevu.

Sababu ya vuli ile nilikuja kuijua nikiwa mtu mzima, na ilikuwa mbali sana na Kibosho. Aghalabu maji yenye joto jingi ya Bahari ya Hindi hukaa upande wa mashariki, karibu na kisiwa cha Sumatra, na pepo zivumazo juu ya ikweta huyaelekeza huko. Lakini iko miaka ambayo maji ya Sumatra hupoa, pepo zikageuka zikavuma kutoka mashariki, na maji ya vuguvugu yakaja kulundikana upande wetu wa Afrika. Hapo hewa iliyo juu ya maji hayo hushiba mvuke, na vuli hutujia kwa gharika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, ndivyo ilivyokuwa 1997, nilipokuwa mwanafunzi mjini Dar es Salaam na barabara za kwenda nyumbani zikakatika mbele ya macho yetu, na ndivyo ilivyokuwa tena 2019. Mwaka 1999 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Japani, wakiongozwa na N. H. Saji, waliieleza tabia hii ya bahari kwa ukamilifu, wakaifananisha na kitu chenye ncha mbili, kwamba ncha moja ikipoa nyingine hupata joto.

Mabaharia wa mwambao, waliokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, walijua karne nyingi kabla ya vyuo vikuu kwamba bahari ina majira yake. Walijua hata kwamba mkondo wa pwani ya Somalia hugeuka kufuata upepo, ukienda kaskazini wakati wa kusi na kurudi kusini wakati wa kaskazi. Jambo ambalo umri wa mwanadamu haukuwaruhusu kulijua ni kwamba juu ya majira hayo ya mwaka, bahari ina majira mengine yasiyoandikwa katika takwimu ya nahodha yeyote, marefu ya miaka kumi, ya nusu karne, na ya karne nzima.

Nilitamani kuyajua majira hayo, na tamaa hiyo ndiyo iliyonifikisha katika chuo kimoja cha Ulaya, nikafundishwa kazi ya modeli za kompyuta. Modeli ya tabianchi ni dunia iliyoandikwa kwa hisabati. Anga na bahari hugawanywa katika miraba iliyopangwa safu juu ya safu, kila mraba ukapewa joto lake, upepo wake au mkondo wake, unyevu wake au chumvi yake. Kisha kompyuta hukokotoa kwa kanuni za fizikia hali itakavyokuwa baada ya muda mfupi, na baada ya muda mwingine mfupi, bila kuchoka, hata karne nyingi zikapita katika chumba kimoja chenye baridi na mvumo wa mashine. Syukuro Manabe na Kirk Bryan ndio waliotangulia kuiunganisha bahari na anga katika modeli moja, huko Marekani, mwaka 1969. Nilipoona kwa mara ya kwanza mikondo ya bahari ikizaliwa kutokana na hesabu tupu, pasipo mtu kuichora, nilistaajabu kama mtu aliyefunguliwa siri ya dahari, na staajabu hiyo ikaniletea ghururi.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 nilirudi nyumbani kwa likizo. Wenye mfongo wetu walikuwa na kikao, kama ilivyo ada kabla ya masika, kupanga zamu za maji na kushauriana juu ya mashamba ya tambarare, ambako watu wa vihamba hushuka kulima mahindi na maharage. Mimi, mwana wa msoma kipimamvua, niliombwa niseme elimu ya Ulaya inatuambia nini. Nikasimama, nikaeleza kwamba modeli nyingi zinakubaliana kuwa Afrika Mashariki itapata mvua nyingi zaidi kadiri dunia inavyopata joto, na kwamba hofu ya ukame imezidi mpaka. Mwenyekiti wa mfongo, mzee aliyenipakata nilipokuwa mchanga, aliweka chini kata yake ya mbege.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina elimu ya mashine, wala sitakupinga. Niambie neno moja tu. Katika hiyo dunia yenu ya hesabu, mlima huu umo?"

"Umo, baba," nikajibu.

Sikuwa nimetazama. Nilijibu kwa kuwa niliona haiyumkiniki mlima mkubwa kuliko yote katika Afrika ukose kuwamo katika mfano wa dunia, na kwa kuwa watu wote walikuwa wakinisikiliza. Baadhi ya waliokuwapo, kwa kuniamini, walipanda tambarare mbegu ya mahindi inayokawia kukomaa, nao wangaliweza kupanda ile ya muda mfupi. Masika yalichelewa, yakaja machache, yakakatika. Ukame uliishika Tanzania ya kaskazini. Ng'ombe wa Wamasai wa Longido na Monduli walikufa kwa wingi, na mahindi ya watu wetu yalikauka yakiwa na kimo cha magoti. Mama alinipa habari hizo kwa simu, taratibu, bila lawama, na kukosa lawama huko kulinichoma kuliko lawama yenyewe.

Niliporejea kazini, jambo la kwanza nililofanya ni kufungua jalada la milima ya modeli yetu. Miraba ilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita 100, na ndani ya mraba mmoja vilele vya Kibo na Mawenzi vilikuwa vimechanganywa na mbuga za Wamasai na nyika za Taveta, vikagawanywa sawasawa, hata mlima wenye kimo cha mita 5,895 ukawa mwinuko mpana ambao haukufika nusu ya kimo hicho. Pamoja na mlima ulikuwa umetoweka msitu wa kusini, ambao kwenye kimo cha mita 2,000 hivi hupata mvua zaidi ya mara mbili ya ile ya mjini Moshi, na ndio hasa unaoijaza mifongo yetu. Mzee yule, asiyepata kuiona kompyuta, alikuwa ameuliza swali ambalo mimi nililipwa mshahara niulize.

Jambo la pili lilinifikirisha zaidi. Mstari nilioupeleka kikaoni, ule uliokuwa ukipanda kuashiria mvua kuongezeka, ulikuwa wastani. Ulitokana na mistari mingi, kila mmoja ukiwa historia nzima ya mvua iliyokokotolewa peke yake. Niliomba mistari hiyo nioneshwe mmoja mmoja. Modeli ilikuwa ile ile, jua lile lile, hewa zile zile za moshi wa viwanda. Tofauti iliyotiwa mwanzoni kati ya mstari na mstari ilikuwa chembe ya joto ambayo hakuna kipimajoto duniani kingeweza kuitambua. Hata hivyo, baada ya miaka, historia ziliachana. Katika moja, masika ya upande wetu yalipungua kwa miaka thelathini mfululizo. Katika nyingine yaliongezeka. Katika ya tatu yalikwenda yakirudi bila kuelekea popote. Zote zilikuwa halali kwa kanuni za fizikia. Ndipo nilipolikumbuka daftari la baba, nikaliona kwa jicho jipya: lilikuwa mstari mmoja tu, ule ambao Mungu alijaalia utokee, katikati ya mistari mingi ambayo ingaliweza kutokea. Nami nilikuwa nimewapa watu wastani wa mistari yote, kana kwamba mtu hupanda mahindi yake katika wastani.

Kwa nini historia hizo huachana kwa muda mrefu hivyo, na si kwa siku chache tu kama mawingu? Jawabu alilitoa Mjerumani Klaus Hasselmann mwaka 1976, na kwangu mimi lilifahamika nilipomkumbuka mama. Yeye ni mtu wa Upare, na huko kwao maji ya vijito hukusanywa usiku katika ndiva, birika kubwa la udongo, yakafunguliwa mchana kwenda mashambani. Vijito huleta maji kwa fujo, leo mengi, kesho machache, kwa kadiri ya manyunyu yaliyopita; lakini kimo cha maji ndani ya ndiva hakirukiruki hivyo. Ndiva hupokea fujo ya siku nyingi ikaijumlisha, na bahati ya siku tatu nzuri zikifuatana hubaki ndani yake kwa muda mrefu baada ya siku hizo kusahauliwa. Bahari ni ndiva ya dunia. Tabaka lake la juu, lenye kina cha kama mita 3 tu, huweza kuhifadhi joto lililo sawa na la anga zima lililo juu yake. Na maji yazamayo katika Atlantiki ya kaskazini hupita vilindini na huenda yasirudi juu kwa muda wa miaka elfu. Fujo ya pepo za kila siku huingia baharini ikatoka ikiwa mawimbi ya miongo. Manabe na Hasselmann walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, pamoja na Giorgio Parisi wa Italia. Na tangu mwaka 1993 Manabe huyo, pamoja na Thomas Delworth na Ronald Stouffer, walikuwa wameonyesha kwamba ndani ya modeli isiyoguswa na jambo lolote la nje, mzunguko wa maji ya Atlantiki huongezeka na kupungua wenyewe, pasipo mpango kamili, kwa kipindi cha takriban miaka 50.

Miaka 50! Mtu aliyezaliwa wimbi likianza kupanda huweza kuzeeka kabla halijarudi, akafa akiamini kwamba dunia aliyoiona ndiyo dunia. Watu wa rika la baba yangu walikuwa vijana katika miaka ya 1960 yenye mvua tele, na kwao wingi ule ulikuwa ada, na kila upungufu uliofuata ulikuwa laana. Tangu katikati ya miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki yalipungua kwa miongo kadhaa, ilhali modeli nyingi zilikuwa zikitabiri ongezeko, na wataalamu wakaliita jambo hilo kitendawili. Kisha yakaja masika mazito ya 2018 na 2020. Sehemu ya kitendawili hicho ni mawimbi marefu ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, na sehemu ni kasoro za modeli zenyewe, na kuzitenganisha sehemu hizo mbili ndiyo kazi ambayo wenzangu nami tumeifanya tangu siku zile.

Mlima wenyewe ni shahidi wa mawimbi yaliyo marefu zaidi. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 aliikuta barafu nene. Mwaka 1912 ilienea kilomita za mraba 12, na kufikia 2007 ilikuwa chini ya 2. Wengi hudhani kwamba inayeyuka tu kama barafu ya kwenye gilasi. Lakini vyombo vilivyowekwa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo mwaka 2000, pamoja na uchunguzi wa akina Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, vimeonyesha kwamba kule juu, ambako hewa iko chini ya kiwango cha kuganda, barafu nyingi hugeuka mvuke bila kupitia maji, na kwamba ukavu ulioanza karibu na mwaka 1880 uliinyima theluji ya kuirudishia. Wakati huo huo Ziwa Viktoria, lililokuwa juu, lilishuka; na wachunguzi hao huielekeza shaka yao ya kwanza kwa Bahari ya Hindi. Wimbi lililoanza kabla babu yangu hajazaliwa lingali likiandika juu ya kichwa cha mlima.

Asije mtu akayageuza maneno haya kuwa kisingizio cha kukanusha joto lililoletwa na moshi wa wanadamu. Mawimbi hupanda na kushuka, lakini ndiva yenyewe inajaa: zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi duniani limeingia baharini, na hakuna modeli isiyoguswa, hata ikiachwa kwa karne nyingi, inayopata peke yake joto kama tulilolipata. Ujuzi wa mawimbi haumwondolei mtu yakini juu ya jambo hilo. Humfundisha tu asitazamie kuliona wazi katika masika ya mwaka mmoja, juu ya kijiji kimoja.

Desemba ya mwaka ule ule wa 2009, Wachagga waliporudi makwao kwa Krismasi kutoka kila pembe ya nchi, nami nilirudi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mfongo nikiwa na jani la isale mkononi, kwa kuwa kwetu mwenye kosa haombi radhi mikono mitupu. Nilimwamkia shikamoo, nikalitoa jani.

"Baba, uliniuliza kama mlima umo, nikakuambia umo. Haukuwamo. Sikuwa nimetazama."

Alilipokea, akalishika kitambo kirefu.

"Wazee waliouchimba mfongo huu," akasema, "hawakujua mvua ya mwaka wowote. Waligawa maji kwa zamu kwa sababu hawakujua. Wangalijua, zamu za nini? Wewe tuletee unachokijua. Na pale usipopajua, tuonyeshe pia, nasi tutapapangia zamu."

Tangu hapo sijawahi kusimama katika kikao cha wakulima nikasema mvua itakuwa au haitakuwa. Husema kwamba katika masika kumi ya namna hii, mengi yamekuwa hivi na machache vile; nao husikiliza, wakagawa mbegu zao, sehemu ya muda mfupi na sehemu inayokawia, kama wagawavyo maji. Mzee yule amekwisha fariki, lakini zamu alizozipanga zingali zikifuatwa.

Baba naye alitangulia mbele ya haki, na baada ya kifo chake chombo cha shaba kilikaa miaka miwili na miezi kadhaa bila msomaji. Mwenzangu mmoja wa kazi, kwa wema, alijitolea kuzijaza kurasa hizo kwa hesabu za modeli, na hesabu zake ni nzuri, tena siku hizi miraba imekuwa midogo na mlima umeanza kuonekana. Nilimshukuru, nikaziweka hesabu zake katika karatasi ya mbali. Kurasa za daftari nimeziacha tupu kama zilivyo, ili wajao baada yetu, wakilifungua kutafuta wimbi ambalo sisi hatuna umri wa kuliona, wajue kwamba katika siku zile hakuna aliyetazama. Asubuhi ya leo, ilipotimu saa tatu, niliinama uwanjani pamoja na binti yangu. Bilauri ilikuwa kavu. Nilimpa kalamu, naye akaandika sifuri.